Alumini Inalipa Wapi Kwenye Barabara ya Bwera?

Malori ya mafuta yanayopita Kasese na Bwera kuelekea mpaka wa Mpondwe, kisha Kasindi, Beni na Butembo, hufanana kwa macho. Yanatofautiana kwenye mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo ya magari inaweka ukomo wa tani 56, tena kila ekseli ina kiwango chake. Hapo lori, tela na mzigo hupimwa kwa pamoja. Tani moja ikiondolewa kwenye tangi, nafasi yake inatosha takriban lita 1,350 za petroli au 1,200 za dizeli, kila safari.

Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa matangi ya mafuta hutumia alumini. Sentimita moja ya ujazo ya madini hayo ina gramu 2.7, ya chuma inakaribia 7.9. Lakini asidanganyike mtu kwamba tangi litakuwa na theluthi tu ya uzito wa awali. Alumini haina ukakamavu wa chuma, kwa hiyo bati lake huongezwa unene, na huchanganywa na magnesi ili lipate nguvu. Faida inabaki, ila inapungua.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, huku alumini ikipatikana kwa urahisi zaidi. Kampuni ikatengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini na magnesi, ikaifunga juu ya chesisi ya chuma. Uhaba ndio uliozaa ubunifu ule. Ford nao walifuata mgawanyo huohuo kwenye F-150 ya mwaka 2015: bodi ya alumini, chesisi ya chuma, viungo vya riveti na gundi. Gari likapungua uzito kwa hadi kilo 300 na ushee.

Tatizo huanzia pale madini mawili yanapogusana. Maji yakiingia katikati, alumini huliwa, na maji ya chumvi huharakisha uharibifu. Wenye Land Rover kuukuu wanaujua ugonjwa huo: bati la mlango linatoa malengelenge pale lilipokunjwa juu ya fremu ya chuma. Sasa fikiria lori linalobeba chumvi ya Ziwa Katwe, humohumo wilayani Kasese. Bodi ya alumini isiyotenganishwa na chesisi kwa mpira au rangi nzito haitadumu huko.

Kuna pia suala la fundi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando unaoifunika huhitaji zaidi ya 2,000. Mashine ya kawaida ya kuchomelea mageti haifai. Inatakiwa gesi ya agoni, usafi na mkono uliofunzwa. Na tangi lililobeba petroli halichomelewi kabla ya mvuke wote kuondolewa.

Kwa hiyo tangi la mafuta linastahili alumini, kwa sababu kila kilo iliyookolewa inauzika. Lori la chumvi ya Katwe, au la mifuko ya saruji ya Hima inayopakiwa kwa kutupwa, libaki na bodi ya chuma. Na anayenunua tangi la alumini lililotumika akague kwanza viungo vyake na chesisi, kisha aulize ni karakana gani kati ya Mbarara na Bwera yenye agoni.