Moyo wa Mkimbizi: By the Sea Ikisomwa Amu

Riwaya ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2001, imehakikiwa sana kwa upande wa historia ya Unguja. Makala haya yanakusudia kuitazama kutoka visiwa vya Amu, na kwa upande wa lugha ya mkimbizi. Amu ukimbizi si habari ya vitabuni. Wakati wa vita vya Shifta, katika miaka ya 1960, Wabajuni wengi wa mwambao wa bara waliacha vijiji na mashamba yao wakaingia visiwani. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa Chula, Chovai na Kismayu walishika bahari kuja kusini. Hao na wenzao wa Kiunga na Faza ni watu wa asili moja. Mpaka wa dola ndio uliowagawa.

Mhusika mkuu, mzee Saleh Omar, anafika uwanja wa ndege wa Gatwick kwa paspoti ya Rajab Shaaban Mahmud, mtu ambaye zamani aliitwaa nyumba yake. Anajifanya hajui Kiingereza. Afisa Kevin Edelman anampokonya kikasha cha udi. Hapa msanii amefaulu sana. Haelezi uchungu wa mzee kwa maneno makubwa. Anauacha udi umrudishe mhusika dukani kwake, kwa mfanyabiashara Hussein aliyempa udi huo, na kwa deni lililozaa maovu yote yaliyofuata. Nafsi ya mkimbizi inajengwa kwa vitu: samani, nyumba, harufu. Tena si nafsi safi. Saleh Omar ni mdhulumiwa aliyewahi kudhulumu, na jina alilojivika ndilo linalomsuta.

Wako watakaosema kwamba undani wa namna hii umetoka katika riwaya ya Ulaya. Kauli hiyo haina budi kupimwa mbele ya Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Humo mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe mbele ya majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Kuhesabu vilivyopotea ili moyo ujitambue ni fani ya visiwa hivi tangu kabla ya riwaya. Tofauti iko katika mwisho. Sayyid Abdallah anauelekeza moyo kwa Mola na akhera, ambapo Saleh Omar analazimika kumkabili Latif Mahmud, mwana wa Rajab, na kutoa hesabu kwa binadamu mwenziwe akali hai. Gurnah ameirithi fani ya majuto akaibadilishia hakimu.

Hata hivyo, riwaya hii ina upungufu ambao msomaji wa Amu hawezi kuufumbia macho. Kimya cha Saleh Omar ni cha hiari. Kiingereza anakijua, amesoma vitabu, na siku anayotaka kusema anasema na anaaminiwa. Latif, mwalimu wa chuo kikuu anayetafutwa awe mkalimani, anakuta kazi yake haihitajiki tena. Masaibu ya mvuvi wa Chula ni kinyume cha hayo. Yeye amesema, tena kwa lugha ya mama yake, na usemi wake ndio uliotiliwa shaka. Uingereza na nchi nyingine za Ulaya zimetumia uchambuzi wa lugha kuamua asili ya waombao hifadhi, Wabajuni wakiwamo. Mtu aliyekaa Amu miaka kumi huanza kusema mato na mai kama wenyeji wake. Kwa mwanaisimu aliye na kinasa sauti, hiyo yaweza kuwa dalili kwamba msemaji ni Mkenya. Kwa msemaji, ni historia ya kukimbia kwake, imekaa mdomoni.

Jambo hili halitoki nje ya idara za lugha. Elimu ya lahaja, ambayo wanafunzi hufundishwa kama orodha ya sauti na mipaka ya ramani, imeingia mahakamani, na kosa lake humrudisha mtu alikokimbia. Orodha ya sauti yaweza kuonyesha kwamba lahaja mbili zimechanganyika. Kwa nini zimechanganyika, na kwa machozi gani, orodha haisemi. Kazi hiyo ni ya riwaya: kumwonyesha mtu anayesikiliza sauti yake ikichezwa tena, akasikia ndani yake mji aliozaliwa na mji uliomsitiri, hali aliye mbele yake anadai achague mmoja.

By the Sea imethibitisha kwamba mkimbizi wa pwani hii ana moyo mpana kuliko faili lake. Lakini imemweka mkalimani pembeni mapema mno. Riwaya ya Kiswahili itakayotoka Amu haina haja ya kuiga kimya cha Saleh Omar. Ianzie pale msemaji wa kweli anapoambiwa kwamba lugha yake si yake.