Seva Yenye Mwenyewe

Waraka wa IRC, itifaki ya mazungumzo ya maandishi kwenye mtandao, ulioandikwa na Jarkko Oikarinen na Darren Reed na kutolewa Mei 1993, una sharti moja dogo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama. Mtu aliyeingia kwenye seva akiandika neno ADMIN, seva humjibu iko mji gani na nchi gani, halafu ni ya chuo gani na idara gani, na mwisho humpa anwani ya barua pepe ya mtu wa kuulizwa. Mji na idara vinatarajiwa tu. Anwani ni lazima. Kwa hiyo kila seva, iwe kubwa ya chuo kikuu au kikompyuta kilichofichwa chini ya meza, ilizaliwa ikiwa na mwenyewe, na mwenyewe hakujificha. Sasa chukua kundi la simu ambamo ndugu, majirani na wanakamati wa harusi huongea tangu alfajiri hadi usiku wa manane, uliulize liko wapi na nani atajibu likiharibika. Halina neno la kuulizia. Lina msimamizi, ndiyo, lakini naye ni mpangaji kama wengine, kakabidhiwa funguo za chumba asichokimiliki. Tumepoteza kitu hapo, na kwa kuwa hakikuondoka kwa kishindo, hakuna aliyekikalia matanga.

Kusimika seva ya mazungumzo kwenye kompyuta yako ni ufundi, na kiini cha ufundi huo ni kukubali kuwa mtu wa kuulizwa. Kuipata programu yenyewe kumekuwa rahisi mno. Kwenye mfumo wa Debian amri ya mstari mmoja huileta ngIRCd, na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi huibeba bila kuhema. Kazi huanza pale amri inapoishia, kwenye faili la usanidi. Hapo seva inataka jina, tena jina lenye nukta ndani yake. Inataka kujua isikilize poti zipi, ipokee wageni wangapi, nani apewe nywila ya uendeshaji, chaneli zipi zisimame hata zikiwa tupu, na mgeni akibisha hodi asomewe nini. Matoleo ya kale yaliyaandika haya kwa mistari iliyoanza na herufi moja moja: M ya mashine yenyewe, A ya msimamizi, I ya wanaoruhusiwa kuingia, O ya waendeshaji, K ya waliofukuzwa. Herufi tano, na ndani yake umo uongozi mzima wa baraza: nani mwenye nyumba, nani akaribishwe, nani amsaidie mwenye nyumba, nani asikanyage tena. Waashi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, walipoliunganisha baraza la mawe na ukuta wa nyumba walikuwa wanasema jambo hilohilo, kwamba aketiye hapa ameketi kwa fulani. Na kama ilivyo barazani, kwenye IRC hakuna karani. Itifaki kwa asili yake haihifadhi maneno; aliyekuwapo kasikia, asiyekuwapo atauliza.

Katika kazi zote za aina hii kuna kipande ninachokiweka juu ya vingine. Programu ya InspIRCd huja na faili la mfano, refu, lenye maelezo yanayokwenda sambamba na kila agizo. Ndani ya maelezo hayo waandishi wamepandikiza agizo liitwalo die. Likiwamo, seva inakataa kuwaka, na kumwambia aliyeiwasha, kwa kejeli kidogo, kwamba hakulihariri faili lake sawasawa. Njia ya heshima ya kulipata ni kusoma mpaka ulifikie, kisha kulifuta kwa mkono wako. Mwenye haraka ataona huo ni usumbufu wa makusudi, na hakosei: ni wa makusudi. Ndivyo fundi seremala anavyomzuia mwanagenzi asishike tezo kabla hajautazama ubao na kujua nyuzi zake zinaelekea wapi. UnrealIRCd nayo inakataa kuendeshwa kwa mamlaka ya mkuu wa mashine, maana seva yenye mamlaka hayo ikivunjwa, mashine nzima imekwenda. ngIRCd ina timazi yake: ukiiamuru ikague usanidi, hulisoma faili zima na kukurudishia ilivyolielewa, uone mwenyewe ukuta umepinda wapi. Kisha weka kando ya hayo kile kitufe cha kukubali masharti kwenye programu za simu. Waliokitengeneza wanajua hutasoma, na hesabu zao zimekaa juu ya kutosoma kwako. Tumekibonyeza mara nyingi kiasi kwamba hatukumbuki tena kama tulikuwa tunaamua jambo.

Mkono wa fundi wa kwanza bado unaonekana kwenye kazi yake. Oikarinen aliiandika IRC mwezi Agosti 1988 akiwa Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, akaiendesha kwenye mashine ya idara iliyoitwa tolsun. Alichotaka ni kuuongezea mazungumzo bora ubao wa matangazo wa kompyuta uliojulikana kama OuluBox. Zama hizo maandishi ya Kifini yalibanwa kwenye herufi za biti 7, na hapakuwa na nafasi ya vokali zake zenye nukta ila kwa kunyang'anya nafasi za alama nyingine. Palipokuwa na bano la mraba [ ikakaa Ä, na palipokuwa na bano la mikunjo { ikakaa ä. Kwa kuwa hizo ni herufi moja, kubwa na ndogo, seva ikafundishwa kwamba mabano hayo nayo ni herufi moja, kubwa na ndogo. Waraka wa 1993 ukaliandika hilo kuwa kanuni kwa ulimwengu wote. Basi mtu wa Mombasa akijiita Juma[ kwenye seva inayoufuata waraka ule, wa Bujumbura hawezi kujiita Juma{, kwa ajili ya vokali ambayo pengine wote wawili hawajawahi kuitamka. Kiswahili chenyewe, kisichovaa kofia wala nukta juu ya herufi, hupita humo salama. Ujumbe mmoja una ukomo wa baiti 512, mbili zikiwa za kufunga mstari, na kila herufi yetu inakula baiti moja tu, pamoja na kile kikoma cha ng'ombe. Lugha ya fundi ndiyo iliyolazimika kuazima mabano. Siku hizi programu kadhaa zimeiacha kanuni hiyo, na seva humtangazia mgeni anapoingia kwamba inafuata desturi ipi. Sababu za kuiacha ni nzuri, siwezi kuzibishia. Lakini nakshi ikikwanguliwa mlangoni kwa sababu nzuri, mlango hubaki bila nakshi.

Poti nayo ina habari yake. Poti rasmi ya IRC ni 194, lakini iliyozoeleka ni 6667, kwa sababu kwenye Unix poti zilizo chini ya 1024 hufunguliwa na mkuu wa mashine peke yake. Namba kubwa ilimwezesha mwanafunzi asiye na cheo kufungua baraza kwenye kompyuta ya watu wengi. Kwa mazungumzo yaliyosimbwa kuna 6697, iliyoandikiwa waraka wake mwaka 2014, na mwenye seva asiyeifungua leo hana udhuru.

Atasema mtu: haya yote ya nini, na watu wote wako WhatsApp? Seva isiyo na watu ni gofu. Pingamizi hili lina nguvu, na wanaopenda IRC hulijibu vibaya kwa kumdharau anayelitoa. Jibu liko kwenye matukio. Tarehe 4 Oktoba 2021 kosa la usanidi kwenye mitambo ya Facebook liliitoa kampuni nzima nje ya intaneti kwa muda wa saa sita hivi, na WhatsApp ikanyamaza nayo. Wafanyabiashara wawili wenye maduka yanayotazamana wakawa hawana njia ila SMS au kuvuka barabara. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Ubaya wa kuyapitisha mbali maneno ya majirani ulijulikana zamani. Kabla ya KIXP, kituo cha kuunganisha kampuni za intaneti, kuanza Nairobi mwaka 2000, ujumbe wa mteja wa kampuni moja ya intaneti kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, mji huohuo, ulipanda setelaiti, ukavuka bahari, ukarudi. Kituo kilijengwa, kikafungwa kwa mvutano wa leseni, kikafunguliwa tena 2002, yote hayo ili maneno ya majirani yasifunge safari. Kisha sisi wenyewe tukayarudisha safarini kwa hiari. Seva iliyo ndani ya shule, imeunganishwa na waya wa maabara, haina habari na kilichokatika chini ya bahari. Wanafunzi 40 wataendelea kuandikiana maadamu umeme upo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mwenyewe hakuambii lini atakuja kuichukua.

Zito zaidi ni pingamizi la usalama. Kampuni kubwa ina wataalamu wa zamu usiku na mchana; mtu mmoja na kompyuta yake ana usingizi. Mfano mbaya upo na haufai kufunikwa. Juni 2010 waandishi wa UnrealIRCd walitangaza kwamba faili la toleo 3.2.8.1 lilikuwa limebadilishwa kwenye baadhi ya vituo vya kupakulia, likawekwa mlango wa siri, na kwamba hali ilikuwa hivyo tangu Novemba 2009. Kwa miezi kadhaa watu walisimika adui kwa mikono yao. Waliotangaza ni waandishi wenyewe, na baada ya hapo matoleo yakaanza kutiwa saini ya kidijitali ili anayepakua aweze kuhakiki. Kuihakiki saini hiyo ni sehemu ya ufundi, na asiyeihakiki hana wa kumlaumu. Lipo pia jambo la kukubaliwa bila kuzungusha maneno: ujumbe wa WhatsApp umesimbwa toka kwa mwandishi hadi kwa msomaji, ilhali mwenye seva ya IRC, akitaka, anaweza kuyaona maneno yanayopita kwake. Mwenye siri nzito asiipitishe huko. Ila anayeketi kwenye baraza la mtu anajua yuko kwa nani, na anaweza kupima kama huyo ni mtu wa kuaminiwa. Kwa kampuni, hata nani unayeongea naye na saa ngapi ni habari ambayo hujui inakaa wapi wala kwa muda gani.

Wala sitaki kuupaka wakati wa zamani rangi usiyostahili. Mwaka 1990 seva moja ya Berkeley, iliyoitwa eris, iliruhusu yeyote aunganishe seva yake bila nywila. Wenzake wakachoka na vurugu wakaitenga, na mtandao mkubwa wa EFnet mpaka leo umebeba kwenye jina lake maana ya kutokuwa na eris. Julai 1996 sehemu kubwa ya seva za Ulaya ilijitenga ikawa IRCnet. Mei 2021 mgogoro wa umiliki wa mtandao wa freenode uliwafanya wasimamizi wengi wa kujitolea wajiuzulu na kuanzisha Libera Chat. Mwenye kupenda utulivu ataona hapo ni fujo tupu. Lakini tazama miradi kama Ubuntu na Gentoo ilivyohama 2021: amri zilezile, programu zilezile, kilichobadilika ni jina la seva katika mstari mmoja wa mipangilio. Wenye nyumba wakigombana, wageni walikuwa na pa kwenda, na walikwenda na viti vyao.

Kinachouma ni kwamba hata anayetaka kujifunza leo amewekewa ukuta. Wateja wengi wa intaneti ya simu hushirikishwa anwani moja ya umma, wengi kwa mkupuo, kwa hiyo kompyuta ya nyumbani inaweza kutoka kwenda popote, lakini hakuna awezaye kuibishia hodi. Ni nyumba yenye mlango wa kutokea, haina wa kuingilia. Fundi kijana hulazimika kukodi kipande cha mashine kilicho bara jingine, na hapo umiliki umeshakuwa nusu. Maabara za shule, ambazo zina waya, mashine na vijana, hufundisha kuandika barua na kupanga majedwali, kisha hufungwa saa tisa. Maarifa ya faili la usanidi yanabaki kwa wazee wachache wa kazi hii, na seva zao zinaendelea kuwaka kwa sababu hakuna aliyepata moyo wa kuzizima. Itifaki iliwapa nafasi ya kumwandikia mgeni salamu, ujumbe wa siku. Faili hilo likikosekana seva humtumia mgeni namba 422, maana yake salamu haipo. Akiandika ADMIN atapewa mji, idara, na anwani ya barua pepe ambayo huenda hakuna tena anayeifungua. Baada ya hapo, kila baada ya muda, seva humtumia PING kuuliza kama bado yupo. Programu yake hujibu PONG kwa niaba yake, na kwenye chaneli hakuandikwi kitu.