Gitaa Limesikika, Maneno Je? Kundi la WITCH na nyimbo za Katanga mbele ya wasikilizaji wapya

1. Utangulizi

Mwaka 2023 kundi la WITCH la Zambia lilitoa albamu iitwayo Zango, albamu yake ya kwanza baada ya kimya cha miaka karibu 40. Kundi hilo lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Kitwe, katika eneo la migodi ya shaba lililo jirani na Katanga. Baadaye lilisahauliwa hata nyumbani kwake, kisha likafufuliwa na wapenzi wa muziki wa ng'ambo. Tahakiki hii inakusudia kuipima albamu hiyo kwa kipimo ambacho aghalabu hakipewi nafasi kubwa katika uhakiki wa muziki wa namna hii, nacho ni kipimo cha lugha. Baada ya hapo itauliza ni funzo gani linalopatikana humo kwa ajili ya nyimbo za Kiswahili za Katanga, ambazo nazo zimekuwa zikitolewa upya katika nchi za mbali na masikio ya wale walioimbiwa.

2. Kuzaliwa, kusahauliwa na kufufuka

Muziki uliokuja kuitwa Zamrock haukuzuka bila sababu. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na bei nzuri ya shaba ikawapa vijana wa miji ya migodi fedha kidogo ya kununulia magitaa na santuri. Katika mabaa ya miji hiyo rumba ya Kongo ilikuwa na nguvu, lakini vijana hao walitega sikio upande mwingine: kwa Jimi Hendrix, kwa Rolling Stones, kwa James Brown. Tena serikali ya Rais Kenneth Kaunda iliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Agizo hilo liliwafungulia vijana mlango, nao wakaupitia wakiwa wamebeba gitaa lenye mkwaruzo mzito na maneno ya Kiingereza.

WITCH walikuwa mbele ya wote. Jina lao ni ufupisho wa sentensi ya Kiingereza yenye maana ya kwamba wamekusudia kuzusha vurugu. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, anajulikana zaidi kwa jina la Jagari. Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Asili yake ni Mick Jagger wa Uingereza, lakini kinywa cha Kibantu hakikuridhika na silabi iliyofungwa, kikaifungua na kuipa irabu ya mwisho, kama vile Kiswahili kilivyo na neno daktari. Hivyo kijana aliyetaka kufanana na mwimbaji wa mbali alijikuta, tangu kwenye jina lake, amekwisha kumfanya mwimbaji huyo awe mtu wa kwao.

Ufanisi huo haukudumu. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, uchumi wa nchi ukadhoofika, na watu wakakosa fedha za kununua santuri. Baadaye ukimwi uliwapiga vibaya wanamuziki wa kizazi hicho. Jagari aliuacha muziki wa jukwaani, na katika miaka iliyofuata alitafuta riziki kwa kuchimba vito. Wenzake wa safu ya awali walifariki mmoja baada ya mwingine.

Ufufuo ulitoka nje. Kampuni ndogo zinazojitegemea, mojawapo ikiwa Now-Again ya Los Angeles, zilizitoa upya santuri za miaka ya 1970, na kuanzia hapo Jagari akaalikwa kupiga muziki Ulaya na Marekani. Mwaka 2019 ilitoka filamu ya Gio Arlotta juu ya maisha yake. Vijana wa Ulaya waliokuwa hawajazaliwa kundi hilo lilipokuwa likitamba ndio waliojaa mbele ya jukwaa, na wawili miongoni mwa wanamuziki wa Uholanzi, Jacco Gardner na Nico Mauskoviç, waliingia katika safu mpya ya kundi.

3. Lugha katika Zango

Mtu akiilinganisha Zango na Lazy Bones!! ya mwaka 1975, jambo la kwanza linaloonekana halihitaji hata kusikiliza. Linasomeka kwenye jalada. Nyimbo zote za Lazy Bones!! zina majina ya Kiingereza. Katika Zango, kando ya majina ya Kiingereza, yapo majina kama Waile, Nshingilile, Malango na Unimvwesha Shuga. Katika hilo la mwisho, sukari imebaki na umbo la mkopo kutoka Kiingereza, na mkopo huo umekaa raha mustarehe katika sentensi ya Kibantu. Ndiyo lugha ya mjini ilivyo, kule Lusaka kama huku Lubumbashi.

Badiliko hilo si pambo. Katika miaka ya 1970 Kiingereza kilikuwa ni tiketi ya kuingilia katika ulimwengu wa roki. Kijana wa Kitwe aliyeimba kwa Kiingereza alikuwa akidai haki ya kuhesabiwa miongoni mwa vijana wa dunia. Mwaka 2023 dunia hiyohiyo ilimwendea yeye, na ilichokuwa ikikitafuta ni ule utofauti wake. Hapa ndipo penye mtego. Lugha ya Kiafrika yaweza kuingizwa katika wimbo kwa sababu mtunzi ana neno asiloweza kulisema kwa lugha nyingine. Yaweza pia kuingizwa kama viungo vya mchuzi, ili mnunuzi wa mbali aonje ladha ya ugeni.

Kwa jumla Zango imeuepuka mtego huo, na sifa kubwa yapasa iende kwa sauti za wanawake. Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo hawakuletwa kuitikia tu nyuma ya Jagari. Wanashika wimbo na kuuongoza, na kila wanapoimba kwa lugha za nyumbani mahadhi hulegea na kufuata mkondo wa usemi, badala ya usemi kulazimishwa kufuata mkondo wa gitaa. Sampa the Great, mzaliwa wa Zambia aliyekulia Botswana, anaongeza ughani wake, na hivyo vizazi viwili vinakutana katika albamu ambayo jina lake, kwa maelezo ya kundi lenyewe, ni mahali pa kukutania.

Udhaifu wa albamu uko kwingine. Baadhi ya nyimbo zinajitahidi mno kuurudisha mlio wa 1975, kana kwamba mkwaruzo wa gitaa ndio uliokuwa ujumbe. Mkwaruzo ule ulikuwa na maana kwa sababu ulitokana na vifaa haba na haraka ya ujana. Unapotengenezwa kwa makusudi, na kwa ustadi, hubaki kuwa ukumbusho. Nyimbo zilizo bora katika Zango ni zile zinazothubutu kuwa za leo.

4. Upande huu wa mpaka

Msomaji wa Lubumbashi atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, nasi hatukuwa na wetu? Kabla ya Jagari kushika kipaza sauti, Katanga ilikuwa imekwisha kutoa wapiga gitaa waliosikika kutoka Afrika ya Mashariki hadi Afrika ya Kusini. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Edouard Masengo na Losta Abelo walikuwa katika safu hiyohiyo. Tofauti na vijana wa Kitwe, hawa waliimba hasa kwa Kiswahili, lugha ya kambi za wafanyakazi, ya soko na ya barabara.

Nao pia walitafutwa na wageni. David Rycroft alimchambua Mwenda katika makala mawili ya mwaka 1961 na 1962; John Low alifika Shaba na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1982; na rekodi za Tracey zimetolewa upya na kampuni ndogo ya Uholanzi, SWP. Kazi hizo zina thamani, na bila ya hizo mengi yangalipotea. Hata hivyo kichwa cha makala ya Rycroft kinataja ufundi wa gitaa, na tangu hapo mkondo mkubwa wa sifa umeelekea huko. Vidole vya Mwenda vimeandikiwa nota, vimeigwa na kufundishwa. Maneno yake yamebaki nyuma.

Sababu yake ni rahisi. Mlio wa gitaa hauhitaji mkalimani. Methali, fumbo, dhihaka kwa jirani, au jina la mtu lililotajwa kwa kusudi la kumsifu au kumsuta, vyote hivyo humpita asiyejua lugha. Wimbo wa gitaa wa Katanga ulikuwa ni mazungumzo na hadhira iliyoelewa nani anasemwa. Ukiondoa mazungumzo hayo, kinachobaki ni kizuri, lakini ni nusu.

5. Hatari mbili

Ikiwa nyimbo hizo zitapata wasikilizaji wapya kama walivyopata WITCH, hatari mbili zinazikabili. Ya kwanza imekwisha kutajwa: kusikilizwa bila maneno. Ya pili inatoka kwa wasomi wa Kiswahili wenyewe, nayo ni kuyasahihisha maneno. Mwandishi aliyezoea Kiswahili sanifu husikia batoto akaandika watoto. Husikia kamutoto akaandika kitoto. Husikia kiambishi cha mazoea -ak- mwishoni mwa kitenzi akakifuta kwa kukidhania kosa. Akifanya hivyo huvunja mizani, maana hesabu ya silabi hubadilika. Huvunja pia maana, kwa kuwa ka- ya Katanga yaweza kubeba upendo au dharau ambayo ki- haiibebi kwa namna ileile. Juu ya hayo huufuta ushahidi wa historia, kwani nyimbo hizo ni miongoni mwa kumbukumbu chache zinazoonyesha jinsi watu wa kawaida walivyokisema Kiswahili katika miji ya migodi nusu karne iliyopita na zaidi.

Hapa WITCH wanatoa funzo lisilotarajiwa. Hakuna aliyemsahihisha Jagari arudi kuwa Jagger, wala shuga haikulazimishwa kuandikwa kwa tahajia ya London. Maneno yameachwa na sura waliyopewa na wasemaji wake.

6. Hitimisho

Zango ni albamu inayostahili kusikilizwa, na zaidi ya hapo inastahili kusomwa. Inathibitisha kwamba ufufuo unaoletwa na watu wa nje si lazima umalizikie mikononi mwao: Jagari aliupokea, kisha akautumia kuwapa nafasi vijana wa nchi yake na kuziingiza lugha zao mahali zilipokuwa zimekosekana. Lakini ilimlazimu awe hai ili kuifanya kazi hiyo. Mwenda alifariki mwaka 1990, na hana uwezo tena wa kumweleza msikilizaji alichokuwa akikisema. Wazee walioelewa mafumbo ya nyimbo hizo katika mitaa ya Likasi na Lubumbashi wanazidi kupungua kila mwaka. Kampuni za nje zimekwisha kuufanya wajibu uliokuwa katika uwezo wao, yaani kuhifadhi sauti. Kuandika maneno kama yalivyoimbwa, na kuwauliza maana yake wale wanaoikumbuka bado, ni wajibu wa idara za Kiswahili za Kongo, na muda uliobaki wa kuutimiza si mrefu.