KQ na New York: safari ya kila siku ilikuja mapema mno

Dreamliner ya Kenya Airways (KQ) ilipoondoka uwanja wa JKIA, Nairobi, kwa safari ya kwanza ya moja kwa moja hadi New York usiku wa Oktoba 28, 2018, marubani na wahandisi walifanya kazi safi, na kuondoka usiku hewa ikiwa baridi kulikuwa sahihi. Aliyetuangusha ni mpangaji ratiba. Kuanza na safari ya kila siku wakati baridi ya kaskazini inaingia lilikuwa kosa la wazi. Ndege iliyoondoka Jumatatu saa 5:25 usiku ilirudi Jumatano saa 4:55 asubuhi, kwa hiyo safari ya kila siku ilifunga Dreamliner 2. Kuruka kila baada ya usiku mmoja kungetosheka na 1. Kati ya Dreamliner 9 za KQ, 2 zilikuwa zimekodishwa kwa Oman Air, uamuzi ambao safu hii haijawahi kuukubali. Katika 7 zilizobaki, 2 zikafungwa kwa mji mmoja.

Na msimu wenyewe? Umbali ni kilomita kama 11,800, saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa sababu ya upepo wa kutoka magharibi unaovuma kwa nguvu zaidi miezi ya baridi. Upepo huo unadai mafuta zaidi, na JKIA iko mita 1,624 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi hupunguza uzito ambao ndege inaweza kuinua. Mafuta yakiongezeka, abiria au shehena hupungua. Ethiopian, inayoruka kutoka Addis Ababa iliyo juu zaidi, imezoea, kwa baadhi ya safari zake, kutua njiani ikienda Marekani na kurudi bila kusimama. Wazee wetu nao walilijua hili: Super VC10 ya East African Airways, iliyoanza kazi 1966, ilitokana na ndege iliyosanifiwa kwa viwanja vya juu na vya joto kama Nairobi. Wao walianza na uwanja, ndipo wakachagua ndege.

Watetezi wa safari ya kila siku husema mfanyabiashara hanunui tiketi ya ndege isiyoruka kila siku. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo viti vimekwisha kujaa; njia mpya hujenga soko kwanza. Wengine hutaja abiria wa Krismasi, lakini Krismasi ni wiki chache, na miezi michache baadaye KQ yenyewe ilipunguza safari hadi 5 kwa wiki. Kwetu Kajiado kosa hili linauma zaidi: Mmarekani anayekuja kuona ndovu wa Amboseli husafiri zaidi kati ya Julai na Oktoba, na safari ya kwanza ilikuja msimu huo ukiisha. Juni upepo umelegea, Nairobi kuna baridi, watalii wako njiani. KQ ikifungua njia nyingine ndefu, ianze Juni kwa ndege 1, na iongeze ya pili viti vikijaa.