Ushuhuda Ulioandikwa: Jinsi ya Kuutambua Ulio Bora

Ushuhuda wa mdomo una wasaidizi wengi. Msemaji akisimama na kusema "Bwana asifiwe", mkutano humwitikia; sauti ikikwama, machozi humalizia; na hadithi nyepesi hupita kwa sababu aliyeisema anapendwa. Ukiandikwa, wasaidizi hao wote huondoka. Msomaji yuko peke yake, pengine amebanwa kwenye daladala, na anaweza kuuacha kwenye sentensi ya pili bila mtu kumkodolea macho. Ndiyo maana ushuhuda wa kuandika, pamoja na ndugu yake tafakari fupi ya asubuhi, ni ufundi kamili wenye ubora unaopimika. Imani ya mwandishi ina Mwenye kuipima. Sisi tunapima kazi aliyoiweka mezani.

Kipimo cha kwanza, ambacho vingine vyote hukitegemea, ni hiki: futa jina la mwandishi, weka la mtu mwingine yeyote, wa mji wowote na dhehebu lolote. Kama andiko halikudhurika, basi bado halijaandikwa.

Tafuta vitu kabla ya hisia

Mnunuzi mzoefu pale soko la samaki la Feri hufunua shavu la samaki kabla ya kuuliza bei. Kwenye ushuhuda, shavu la kufunua ni nomino. Je, kuna kitu humo ambacho ungeweza kukishika, kukihesabu au kukinusa? Tazama mfano huu wa kutunga:

"Nilipitia kipindi kigumu sana. Adui alikuwa amepanga kuniangamiza, lakini Mungu asiyeshindwa akanivusha na kuniinua viwango vingine."

Sasa tukio lilelile, kwa mkono mwingine:

"Ulikuwa mwezi wa tatu bila mshahara, na ada ya mtoto ilibaki laki moja na themanini. Kusali nilikuwa nimeacha. Jumatano nilikwenda jumuiya kwa sababu tu zamu ya chai ilikuwa yangu. Nilimimina chai, nikakaa karibu na mlango, sikushika neno hata moja la somo. Tulipotawanyika, mzee mmoja alibeba birika langu mpaka kwangu, akaliweka kizingitini, akaaga. Hakuuliza kitu. Usiku ule nilisali kidogo. Nilishukuru kwa ajili ya birika, basi."

Andiko la kwanza lina ushindi na halina mtu. La pili lina mtu, na ada bado haijalipwa. Hapo ndipo penye ufundi: mwandishi ameonyesha sala ikirudi, akaikomesha pale ilipokomea siku ile. Angeongeza kwamba kesho yake alipigiwa simu ya kazi, na kweli akawa amepigiwa, tungemsikiliza. Lakini hakulazimisha simu ilie ili andiko lipate mwisho.

Dhambi ya zamani ipimwe kwa mizani

Sehemu inayoharibika haraka zaidi ni ile ya "kabla sijaokoka". Mwandishi mchanga huipamba: pombe huwa mito, marafiki huwa majambazi, na msomaji huanza kushuku kwamba maisha ya zamani yanasimuliwa kwa hamu kuliko ya sasa.

Mwalimu wa kipimo hiki ni Augustino wa Hippo, aliyeandika Maungamo yake kati ya mwaka 397 na 400 hivi. Alikuwa na makubwa ya kukiri, ikiwa ni pamoja na miaka mingi aliyoishi na mwanamke bila ndoa. Hata hivyo, dhambi aliyoichimba kwa kina katika kitabu cha pili ni wizi wa peazi. Akiwa na miaka 16, yeye na wenzake waliuvamia mti wa jirani usiku. Peazi zenyewe hazikuwa tamu, na nyumbani zilikuwapo nzuri zaidi. Walizoiba waliwatupia nguruwe. Augustino anaigeuza habari hiyo ndogo huku na huku akiuliza: kama sikuwa na njaa, nilitaka nini? Msomaji ambaye hajawahi kukaa na hawara anajikuta ameguswa, kwa kuwa kila mtu ana peazi zake.

John Bunyan, yule aliyeandika Safari ya Msafiri, alifanya vivyo hivyo katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1666, akiwa gerezani Bedford kwa kuhubiri bila kibali. Anasimulia alivyopenda kupiga kengele za kanisa, akaacha kwa sababu dhamiri ilimsuta, ila akawa bado anakwenda kutazama wenzake wakipiga. Akaogopa kengele isimwangukie, akasogea chini ya boriti. Akaogopa ikidunda ukutani itampata hata hapo, akasimama mlangoni. Mwisho akaogopa mnara mzima utaanguka, akakimbia. Hakuna jambo kubwa lililotokea, na bado hofu yake tunaiona ikitembea kwa miguu, hatua kwa hatua.

Afrika Mashariki tuna shule yetu. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika uliwazoeza watu kuungama kwa kukitaja kitu chenyewe, na aliyeiba kukirudisha kwa mwenyewe. Hapo ndipo ungamo linapopimika. "Nilikuwa mwenye dhambi" haimgharimu mtu chochote. "Nilichukua mabati ya shule" inamgharimu.

Mstari usomwe pamoja na majirani zake

Tafakari nyingi husimama juu ya mstari mmoja wa Biblia. Ufunue, usome mistari mitano ya juu na mitano ya chini, kisha urudi kwenye andiko uone kama bado limesimama. Yeremia 29:11 ni miongoni mwa inayotumiwa sana: Mungu anawawazia watu wake mema. Lakini hayo ni maneno ya barua kwa mateka wa Babeli. Mistari iliyotangulia inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kuoa huko huko ugenini, na ule wa 10 unataja miaka 70. Wengi walioisikia barua hiyo wangezikwa Babeli. Anayeutumia mstari huu kwa usaili wa Ijumaa anayo haki, ila ile miaka 70 nayo aibebe.

Wafilipi 4:13 nao huwekwa kwenye fulana za michezo na kadi za mitihani. Paulo aliandika akiwa kifungoni, na mstari uliotangulia unazungumzia kushiba na kuona njaa. Nguvu anayoitaja ni ya kustahimili hali zote mbili. Mwandishi anayelijua hilo huandika tafakari tofauti kabisa, na kwa kawaida bora zaidi.

Nani amebaki shujaa?

Soma andiko zima kisha jiulize ni nani aliyetoka humo akiwa amependeza. Mara nyingi ni mwandishi: alisali kuliko wote, alisamehe kabla hajaombwa, alijua tangu mwanzo. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, mtoto wa Uamsho aliyewahi kufundisha Dodoma, alikimbia nchi yake mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Angeweza kuandika kitabu cha shujaa mkimbizi, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake, katika kitabu alichokitoa mwaka huohuo, alieleza uchungu ulivyokuwa unaota ndani yake, na jinsi ibada ya Ijumaa Kuu huko London ilivyomlazimu kumsamehe Amin. Adhama ya andiko inatokana na hapo alipokubali kuonekana mdogo.

Mahali pa kusoma kwa jicho kali

Mambo mawili hayana msamaha hata sentensi zikiwa nzuri. La kwanza ni uponyaji. Anayesimulia alivyopona kifua kikuu kwa maombi, akanyamazia dawa alizomeza kwa miezi sita, ameficha nusu ya tukio, na msomaji mgonjwa anaweza kukatiza dozi kwa ajili yake. Mwandishi mzuri huweka muuguzi, vidonge na maombi katika sentensi zinazofuatana, wala haoni kwamba Mungu amepunguziwa kitu.

La pili ni siri za watu. Mume mlevi, binti aliyepata mimba, mama mkwe aliyeshukiwa uchawi: hawa hawakuomba kuandikwa. Jiulize kama mtu huyo angeweza kuketi mezani na mwandishi baada ya kusoma. Kubadilisha jina hakusaidii pale ambapo mtaa mzima unajua nyumba ni ipi.

Lugha nayo ina dalili zake. "Mpenyo", "viwango vingine", "msimu wangu umefika", "kufunguliwa milango" ni maneno halali kwenye maombi, lakini kwenye karatasi yanafanya kazi ya kuziba shimo. Kila unapokutana na mojawapo, uliza: mlango gani, ulifunguliwa na nani, saa ngapi? Mwandishi mwenye jibu angelitoa mwenyewe. Hali kadhalika mahubiri yaliyoshonewa mwishoni, "Je, wewe msomaji umempokea?", mara nyingi yanaonyesha kwamba mwandishi hakuamini kuwa hadithi imefanya kazi yake.

Mwandishi hupimwa kwa mwendo

Andiko moja zuri mtu yeyote anaweza kubahatika nalo. Kama unamfuatilia mwandishi anayetoa tafakari kila juma, soma zake kumi kwa mkupuo. Ukiona zote zinaanza kwa taabu, zinapita kwenye mstari na kuishia kwa ushindi, ujue anajaza fomu. Aliye hai atakuwa na juma aliloandika maneno machache, juma alilouliza bila kujibu, na pengine mahali aliposahihisha alichokisema mwaka jana. Hapa tena Augustino anafundisha: baada ya vitabu tisa vya kusimulia yaliyopita, kitabu cha kumi kinaeleza hali yake wakati anaandika, akiwa tayari askofu, na vishawishi alivyokuwa bado anapambana navyo, kuanzia ulaji hadi kupenda sifa. Ushuhuda wake haukuishia siku alipoongoka.

Ukiwa na maandiko mawili mkononi, moja limenyooka kisarufi na halina mtu ndani yake, jingine lina makosa ya tahajia na mtu anaonekana, chagua la pili bila kusita. Tahajia mhariri ataisahihisha kabla chai haijapoa. Mtu hawezi kumwongeza.