Sarafu "Safi": Istilahi Isiyofaa

Wafasiri wa maandishi yahusuyo sarafu kongwe za dhahabu hupenda kutumia neno "safi". Chanzo chake chaeleweka: Kiingereza hutumia neno moja kutaja kadiri ya dhahabu iliyomo na pia daraja mojawapo la uchakavu. Hata hivyo, mambo hayo mawili hayategemeani.

Tuchukue sarafu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa utawala wa Wajerumani. Robo tatu ya uzito wake ni dhahabu, yaani karati 18, na kadiri hiyo haibadiliki hata sarafu ikilika. Apangaye daraja hutazama jambo jingine: sehemu zilizoinuka za picha ya tembo zimelika kiasi gani? Kipimo kilichobuniwa Marekani mwaka 1949 kwa senti za shaba, ambacho sasa hutumika kwa dhahabu pia, kina alama 1 hadi 70. Kuanzia 60, sarafu haikupata kutumika sokoni. Kuiita hiyo "mpya" nako kwapotosha.

Hasara yake si ya maneno tu. Mrithi aambiwaye kwamba sarafu yake "si safi" ataisugua, aondoe uso wake wa asili, na wakusanyaji watashusha bei.

Kwa hiyo twapendekeza "safi" liachwe. Kwa madini tuseme "kadiri ya dhahabu". Kwa hali tuseme "imelika sana", "imelika", "imelika kidogo" na "haikutumika".