Tunacheka na Nani? Xi na Akeem Mbele ya Amri ya Nane

Jioni moja ya mwisho wa mwaka, vijana wetu hapa Ihumwa walitundika shuka jeupe ukutani, wakaazima projekta, wakatuomba tuwachagulie filamu ya kuchekesha isiyo na matusi. Wazazi waliokuwapo, watu wa rika letu, walitaja mbili: The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980 na Coming to America ya mwaka 1988. Ya pili ina picha na maneno yasiyofaa mbele ya watoto wa Kipaimara, hivyo tukachagua ya kwanza. Tulidhani tumechagua iliyo salama.

Watu walicheka, nasi tulicheka hadi machozi. Xi, mwindaji wa Kalahari, alipoanza kuongea lugha yake yenye vidoko, kijana mmoja nyuma alimwiga kwa kualisha ulimi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Binti mmoja wa Kipaimara akainuka, akatoka. Kesho yake tulimwuliza kama aliumwa. Akajibu kwa adabu: "Hapana, Baba Mchungaji. Vile ndivyo anavyoongea bibi yangu." Bibi yake ni Msandawe wa Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba, katika mkoa huu huu wetu.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuzitazame upya filamu hizi mbili tulizozipenda ujanani.

Wengi mnakumbuka zilivyotufikia. Katika miaka ya 1980 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilianza mwaka 1994. Kicheko chetu kilitoka redioni, kwa Mzee Jongo na Pwagu na Pwaguzi. Filamu za nje tuliziona baadaye, katika mabanda ya video, kwenye mabenchi, wakati mwingine mtu akiziwekea maneno ya Kiswahili na kuongeza mzaha wake. Kwa hiyo tulikutana na Xi na Akeem pamoja, kama ndugu wawili Waafrika waliosafiri kwenda ugenini.

Kwanza tumtendee haki Xi. Chupa ya soda inaanguka kutoka kwenye ndege, na watu wake wanaona ni zawadi ya miungu. Kila mmoja anaihitaji, na chupa ni moja. Wivu unaingia, ngumi zinafuata, na Xi anaamua kuibeba hadi mwisho wa dunia akaitupe. Tumeona koo zikigombana kwa kiwanja kimoja, na ndugu wasiosalimiana kwa sababu ya bati za nyumba ya marehemu. Xi anaiona chupa ilivyo haraka kuliko sisi tunavyoviona viwanja vyetu. Tena ni mpole, hana makuu, hana kisasi. N!xau, Mnamibia aliyemwigiza, alikuwa na uso ambao mtu hausahau.

Lakini sikilizeni namna filamu inavyomsimulia. Kwa sehemu kubwa Xi hasemi nasi mwenyewe. Kuna sauti ya msimulizi inayotueleza anachowaza, kwa namna ile ile wanayotumia watengenezaji wa filamu za wanyama wa porini. Mzungu Steyn, mtafiti, naye anachekwa, maana anaanguka na kujikwaa kila akimwona mwanamke. Ila yeye anajieleza kwa kinywa chake. Xi anaelezwa. Tunapewa kuamini kwamba watu wake hawajui lolote la dunia yetu. Ukweli ni kwamba Namibia wakati huo ilikuwa chini ya makaburu, Wasan wengi walikuwa wamekwisha kupoteza ardhi yao ya kuwindia, na wanaume wao wengi waliandikishwa katika jeshi la Afrika Kusini. Jamie Uys, mwongozaji kutoka Afrika Kusini hiyo hiyo, aliyaacha hayo nje ya picha.

Kuna jambo jingine linalotuhusu watu wa Dodoma. Katika filamu ile wapo waasi wenye silaha, na wanaonyeshwa kama wapumbavu wasioweza hata kupanga shambulio. Tulicheka bila kukumbuka kwamba katika mkoa wetu, pale Kongwa, tangu miaka ya 1960 walikaa wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO, na SWAPO ndiyo waliopigania Namibia, nchi ya N!xau. Baadhi yao walizikwa pale. Tulicheka mzaha uliotungwa upande wa pili wa vita vyao.

Sasa tuje kwa Akeem. Eddie Murphy anaigiza mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni. Siku anapotimiza miaka 21 anapewa mchumba aliyefundishwa kutii kila neno. Akeem anamwambia abweke kama mbwa, naye anabweka. Hapo anaona kwamba hatapata mke kwa njia hiyo. Anakwenda Queens, New York, anaficha ukuu wake, anapiga deki katika mgahawa, na huko anampenda Lisa, binti wa mwenye mgahawa. Semmi, mwenzake, hawezi umaskini hata wiki chache. Anaijaza vitu vya anasa nyumba yao ya kupanga. Tukisema kweli, wengi wetu ni Semmi. Tunamsifu Bwana aliyezaliwa horini, tukirudi nyumbani tunataka sofa mpya.

Wahubiri wenzetu hupenda kumfananisha Akeem na Kristo wa Wafilipi sura ya 2, aliyejinyenyekeza akatwaa namna ya mtumwa. Mfano huo una ladha, lakini unafika mahali ukakatika. Akeem anajificha ili ajaribu kama atapendwa. Lisa anapogundua, anaumia, na ana haki ya kuumia. Kristo hakuja kutujaribu kama tunafaa kupendwa. Tena Akeem hapotezi kitu, maana mwisho wa filamu ni harusi ya kifalme. Njia ya Kristo ilipita msalabani.

Hata hivyo, kwa kicheko chake, Coming to America imetenda haki zaidi. Zamunda ni Afrika ya kuchorwa, yenye tembo bustanini, na tungeweza kununa. Lakini Marekani nayo haiachwi: mizigo ya mwana wa mfalme inaibiwa mara tu anapofika, na tajiri Darryl anakubali sifa za sadaka iliyotolewa na mpiga deki. Kila upande unachekwa, na kila upande una kinywa cha kujibu. Kwetu hiyo ndiyo sheria ya utani. Mtani hukucheka hata msibani, nawe una haki ya kumrudishia. Asiyeweza kurudisha si mtani wako. Umemgeuza kuwa kichekesho.

Luther, akieleza Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo, hakuishia kukataza uongo mahakamani. Alitaka tumtetee jirani, tumseme vizuri, na mambo yake tuyapokee kwa maana iliyo njema. Filamu pia humshuhudia jirani, na banda la video ni mahakama ndogo ambayo mshtakiwa hayupo.

Hapa Ihumwa jambo hili si la filamu tu. Tangu serikali ihamie Dodoma na Mji wa Serikali kujengwa jirani yetu Mtumba, tunakaa benchi moja na watu wa kila mkoa. Mara ngapi mgeni amesikika akitania kwamba Mgogo ni ombaomba, na Mgogo aliyekaa mbele yake akacheka kwa midomo tu? Wachache wanajua habari za Mtunya, njaa kubwa ya wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake, majeshi yalipochukua ng'ombe, nafaka na watu wa Ugogo. Na Mgogo yule yule, akishachekwa, humgeukia Msandawe.

Sara alicheka mara mbili. Mara ya kwanza alicheka ndani ya hema kwa kutokuamini. Mara ya pili, Isaka alipozaliwa, alisema kila asikiaye atacheka pamoja naye. Kicheko cha Kanisa ni hicho cha pili, kisichomwacha mtu nje mlangoni.

Jumapili iliyofuata tuliwaomba radhi vijana kwa kucheka kwetu, bila kumtaja binti yule. Baada ya ibada alitufuata yeye mwenyewe. Alisema bibi yake ana hadithi za kuchekesha kuliko filamu ile, kama tuna muda wa kwenda Kwa Mtoro kumsikiliza. Tumeahidi kwenda. Tunajua kwamba huko sisi ndio tutakaochekwa, maana ndimi zetu hazitaweza kutamka hata jina la mwenyeji.